Tafsiri ya Maelekezo ya Kufunga Rada: Swichi, Ardhi na Daraja

Kufunga rada katika chombo cha majini ni kazi ya nyaya zaidi kuliko ya mitambo. Antena inayozunguka hukaa juu ya mlingoti. Kutoka hapo kwa kawaida huteremka kebo mbili: moja ya nguvu za umeme, na nyingine ya kupeleka habari kwenye kioo anachokitazama nahodha. Tafsiri ya maelekezo ya kazi hiyo, iliyokusudiwa mafundi wa Mwanza, haina kasoro ya sarufi. Kasoro zake zimo katika istilahi, na mojawapo yaweza kumwua mtu.

Kwanza nimpe mfasiri haki yake. Mlingoti ameuchukua kwa wanamaji wetu wa majahazi, na fyuzi kwa mafundi wa malori. Hakubuni pasipo haja. Lakini anapoandika "rada ya baharini" kwa watu wa ziwani, anawasahau wasomaji wake. "Rada ya vyombo vya majini" ingetosha.

Kuhusu waya wa kinga ameandika "unganisha na ardhi". Melini hamna ardhi. Katika meli ya chuma, kama Victoria iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, waya huo hufungwa kwenye mwili wa meli wenyewe. Mafundi husema erthi, na neno hilo halimtumi mtu kutafuta udongo. Vivyo hivyo "peleka kebo hadi darajani": kwa mkazi wa Mwanza, hasa tangu Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilometa 3 hivi, maneno hayo ni kichekesho. Mahali anapokaa nahodha ni chumba cha usukani, na jina hilo halikuhitaji kutafsiriwa upya. Aidha, akiambiwa "angalia mtandao", fundi atatoa simu yake mfukoni. Hapana budi kusema "mtandao wa meli".

Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni swichi. Kiingereza hutumia neno moja kwa vifaa viwili: kile cha kuwasha na kuzima umeme, na kile kinachopokea kebo za habari na kuzigawia vioo mbalimbali. Mfasiri ameviita vyote swichi, kisha akaagiza: "Zima swichi kabla ya kupanda mlingotini." Fundi amesimama mbele ya kabati, kifaa kilichotajwa swichi katika kurasa tatu zilizotangulia ni cha habari. Anakizima, kioo kinakuwa cheusi, naye anapanda akiamini kazi imekwisha. Kebo ya nguvu haikupita hapo. Antena bado ina umeme, na mtu akigusa mtambo kule chini, yaweza kuzunguka na kumpiga aliye kando yake.

Swichi ibaki ya umeme, kama ijulikanavyo katika kila nyumba. Kile kingine napendekeza kiitwe kisanduku cha mtandao. Si jina la fahari, na wapo watakaotaka lenye asili ya kitenzi. Walilete, mradi lisifanane na swichi. Ama agizo lenyewe, lisomeke hivi: "Kata umeme wa rada kwenye swichi kuu, toa fyuzi yake, itie mfukoni mwako, ndipo upande."