Mchele Mmoja, Majina Manne: Uhakiki wa Mafunzo ya Masoko ya Mtandaoni kwa Wafanyabiashara wa Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inahakiki mafunzo ya masoko ya mtandaoni yanayowafikia wafanyabiashara wa Bujumbura, hususan yanayohusu mitandao ya kijamii na injini za utafutaji. Hoja yake kuu ni kwamba mafunzo hayo huichukulia lugha kuwa jambo lililokwisha kutatuliwa, ilhali mjini Bujumbura lugha ya biashara husemwa kuliko inavyoandikwa. Kwa kuwa wafanyabiashara wengi hawana njia nyepesi ya kununua nafasi ya tangazo, maandishi yao wenyewe ndiyo mtaji wanaobaki nao. Makala inachunguza mafundisho matatu yanayorudiwarudiwa, inajibu pingamizi kuhusu Kirundi, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Tangu Google ilipoanza kuuza matangazo yanayoambatana na maneno ya utafutaji mwaka 2000, na Facebook ilipofungua mfumo wake wa matangazo mwaka 2007, umezuka utanzu mzima wa maandishi ya ushauri. Utanzu huu hutangaza kila mwaka mielekeo mipya: video fupi, watu maarufu wa mitandaoni, utafutaji kwa sauti, na sasa akili mnemba. Maandishi hayo huandikwa kwa wingi katika Kiingereza na Kifaransa, kisha hufika Bujumbura kupitia warsha, video na vijana wanaojitolea kusimamia kurasa za maduka. Yanastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote: yanamwazia msomaji gani, yananyamazia nini, na yanapofika mahali yasipopawaza hutokea nini?

Bujumbura ni mahali pa kufaa kwa uhakiki huo. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu hadhi ya lugha inazitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, ingawa hufundishwa shuleni na ndicho lugha ya mitaa ya Buyenzi na Bwiza tangu mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Tangu mwaka 2007 Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake unaitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Bidhaa nyingi za mjini hupitia bandari ya Dar es Salaam, na wanunuzi hutoka hata Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mfanyabiashara wa Bujumbura anaponunua mzigo Kariakoo hujadiliana kwa Kiswahili. Akirudi nyumbani, kibao cha duka lake huandikwa «Alimentation» au «Quincaillerie». Kiswahili kimekuwa lugha ya kununulia, na mara chache tu huandikwa kuwa lugha ya kuuzia.

2. Fundisho la kwanza: «Chagua neno linalotafutwa zaidi»

Fundisho hili ndilo msingi wa masoko ya injini za utafutaji. Muuzaji huambiwa achunguze maneno ambayo wanunuzi huyaandika, kisha ayaweke katika ukurasa wake. Ushauri huo una mantiki pale ambapo neno lina umbo moja la maandishi na mashine ina takwimu za kutosha kulihusu. Mfano wa mchele unaonyesha jinsi sharti hilo lisivyotimia Bujumbura.

Bonde la Imbo, kando ya mji, hulima mpunga. Gunia moja la zao hilo likifika sokoni huweza kuitwa «umuceri» kwa Kirundi, «riz» kwa Kifaransa, «mchele» kwa Kiswahili sanifu, na «muchele» kwa Kiswahili cha upande huu wa Ziwa Tanganyika, ambako silabi ya kwanza hutamkwa kwa irabu kamili. Anayefuata mazoea ya Kirundi, ambamo r hukaa mahali ambapo Kiswahili huweka l, aweza hata kuandika «mucheri». Sikio la mnunuzi husikia maneno haya na kujua kwamba bidhaa ni moja. Mashine inayolinganisha herufi haina sikio hilo mpaka ilishwe mifano mingi iliyoandikwa, na mifano hiyo ndiyo inayokosekana.

Sarufi nayo huongeza ugumu. Kitendo cha kuuza humjia mtafutaji kwa sura nyingi: nauza, tunauza, inauzwa, zinauzwa, muuzaji, wauzaji, mauzo. Mwenye duka aliyeandika «tunauza viatu» na mnunuzi aliyetafuta «kiatu kinachouzwa» wanazungumzia jambo lilelile, lakini maneno yao hayafanani mwanzo wala mwisho. Kwa Kiingereza, ambako maneno hubadilika kidogo tu, uhusiano huo hufumbuliwa na mashine kwa urahisi. Kwa lugha ya viambishi kama Kiswahili, kazi hiyo hudai uchanganuzi wa mofolojia na matini nyingi za biashara. Mafunzo yanayosema «chagua neno» hayagusi suala hili, kwa kuwa waandishi wake hawakuwahi kukutana nalo.

Kuna kikwazo kingine kinachotangulia vyote. Mifumo mikubwa ya matangazo imekuwa ikimruhusu mtangazaji achague lugha za watu anaotaka kuwafikia kutoka katika orodha iliyokwisha pangwa, na lugha nyingi za Afrika hazimo katika orodha hizo. Aidha, mpangilio wa lugha katika simu ni mojawapo ya dalili zinazotumiwa kukisia lugha ya mtu. Mkazi wa Buyenzi ambaye simu yake imewekwa Kifaransa huweza kuhesabiwa kuwa msomaji wa Kifaransa, hata kama siku nzima hajakizungumza. Mfanyabiashara akipokea ripoti inayoonyesha kwamba wateja wake ni Wafaransawazo wa namna hiyo, huandika tangazo lijalo kwa Kifaransa. Mashine basi huthibitisha dhana iliyoianzisha yenyewe.

3. Fundisho la pili: «Picha na video zinatosha»

Fundisho la pili huwashauri wauzaji wapunguze maneno na waongeze picha. Bujumbura limepokewa kwa mikono miwili. Muuzaji wa vitenge hupiga picha, huiweka katika WhatsApp, na anayevutiwa hutuma ujumbe wa sauti kuuliza bei. Mazungumzo hufanyika kwa Kirundi au Kiswahili, na mara nyingi kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Kwa biashara ya ujirani njia hii ina nguvu zake: ni nafuu, ina staha ya ana kwa ana, na inamruhusu asiyependa kuandika kuuza bila aibu.

Gharama yake hujitokeza biashara inapotaka kuvuka mtaa. Mazungumzo ya WhatsApp ni ya faragha na hayaorodheshwi na injini za utafutaji. Picha isiyo na maelezo haina jina la bidhaa, bei, wala mahali. Muuzaji anaweza kuhudumia wateja kwa miaka mitano na bado asiwe na sentensi hata moja ambayo mgeni kutoka Kigoma angeweza kuikuta kwa kutafuta. Suala la anwani huzidisha tatizo. Mitaa ya Buyenzi na Bwiza ina barabara zenye namba, na watu huelekezana kwa kutaja namba hiyo pamoja na msikiti, shule au duka linalojulikana. Maelekezo hayo ni sahihi kabisa mdomoni, lakini hayajulikani na ramani ya mtandaoni mpaka mtu ayaandike.

Udhaifu huu una upande wa usalama wa biashara pia. Mwezi Aprili 2015, wakati wa maandamano, na tena siku ya uchaguzi wa tarehe 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ilizuiwa nchini. Aliyeweka orodha yote ya wateja na bidhaa ndani ya mtandao mmoja alijikuta hana dirisha. Wafanyabiashara wa Bujumbura walikwisha kuonja hasara ya kuweka kila kitu mahali pamoja pale soko kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013. Baada ya moto huo biashara ilitawanyika katika masoko mengine, likiwamo la Ruvumera. Mafunzo ya masoko ya mtandaoni yangefaa yaanzie hapo, kwa kuwa wasikilizaji wake wanalielewa somo hilo bila kufafanuliwa.

4. Fundisho la tatu: «Akili mnemba itatafsiri»

Fundisho jipya zaidi linaahidi kwamba tatizo la lugha linajifuta lenyewe. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na Kirundi kiliongezwa mwaka 2024. Hatua zote mbili ni za kushukuriwa. Hata hivyo, miaka 15 iliyopita kati yake inaonyesha kwamba mashine hufuata maandishi: lugha yenye matini nyingi hupewa kipaumbele, na isiyo nazo hungoja.

Tafsiri ya mashine, zaidi ya hayo, huelekea kwenye Kiswahili kilichoandikwa sana, yaani cha magazeti na nyaraka za Tanzania na Kenya. Kiswahili hicho hutenganisha mpunga shambani, mchele gunani na wali mezani. Kirundi hutumia «umuceri» kwa mapana zaidi. Tangazo lililotafsiriwa bila uangalizi laweza kumtangazia mteja wali mahali alipotaka mchele, na mteja huyo atamwona muuzaji kuwa mbabaishaji. Kosa hilo la neno moja ni dogo kwa mtafsiri, lakini kwa duka changa ni doa la kuaminika.

5. Mtaji wa maandishi

Mafundisho yote matatu yana dhana moja iliyofichika: kwamba anayeshindwa kuonekana kwa maneno anaweza kuonekana kwa fedha. Dhana hiyo haisimami Bujumbura. Mnada wa matangazo hulipiwa kwa kawaida kwa kadi za benki za kimataifa na kwa fedha za kigeni, ambazo nchini zimekuwa adimu kwa miaka mingi. Lumicash na EcoCash, zinazotumika sokoni kila siku, zimejengwa kwa ajili ya malipo ya ndani. Kwa muuzaji wa kawaida, basi, nafasi ya kulipiwa haipatikani kwa urahisi. Inabaki nafasi isiyolipiwa, ile inayopatikana kwa sababu ukurasa una maneno yanayoeleweka. Hapa lugha inakuwa suala la uchumi: duka lisilo na fedha za kununua nafasi hutegemea sentensi zake.

Pingamizi moja linastahili jibu makini. Inaweza kusemwa kwamba takribani Warundi wote huzungumza Kirundi, kwa hiyo juhudi zielekezwe huko, na kwamba watumiaji wa intaneti nchini bado ni wachache. Sehemu ya kwanza ya pingamizi ni ya kweli, na makala hii haipendekezi Kiswahili kichukue nafasi ya Kirundi. Tangazo la Kirundi hujenga imani ya mteja wa nyumbani, nalo la Kiswahili humfikia mteja wa Uvira, Kigoma na Kalemie. Kuhusu uchache wa watumiaji, walio mtandaoni leo ndio wanaoandika mifano ambayo mashine zitajifunzia, kwa hiyo mazoea yao yatawarithisha watakaofuata.

Kikwazo kigumu zaidi ni cha kijamii. Katika mazungumzo ya Kirundi, kumwita mtu Mswahili huweza kubeba maana ya ujanja na ulaghai. Dhana hiyo ina historia ndefu, tangu enzi za ukoloni wakazi wa mitaa ya Waswahili walipotengwa na watu wa milimani. Mwenye duka anayechagua Kifaransa kwa kibao chake mara nyingine hukwepa shaka hiyo zaidi ya kumfuata mteja. Hakuna warsha ya masoko inayoweza kuliondoa doa hili kwa kufundisha namna ya kuchagua maneno. Linaondolewa pale taasisi zinazoaminiwa, yaani benki, shule na mamlaka za mji, zinapoandika Kiswahili safi hadharani. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuvuka hadi Tanzania na Kongo, ilibeba neno la Kiswahili katika jina lake bila kupoteza heshima ya kibenki.

6. Mapendekezo na hitimisho

Mapendekezo manne yanatokana na uhakiki huu. Kwanza, fomu za usajili wa biashara nchini ziwe na sehemu ya kueleza shughuli kwa Kirundi na Kiswahili, na maelezo hayo yachapishwe wazi mtandaoni. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae faharasa ya bidhaa na huduma inayoorodhesha pamoja umbo sanifu na maumbo ya kimaeneo, kama «mchele» na «muchele», bila kuyaita makosa, kisha iitoe bure kwa watengenezaji wa programu. Tatu, somo la Kiswahili katika shule za Burundi liwe na uandishi wa biashara: tangazo, orodha ya bei, maelekezo ya mahali. Nne, warsha za masoko zinazofadhiliwa kwa fedha za umma zipimwe kwa idadi ya maandishi yanayoweza kutafutwa ambayo washiriki wameyaacha, badala ya idadi ya wafuasi waliowapata.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalongoja mtambo mpya. Muuzaji wa Ruvumera anayeweka chini ya picha ya gunia lake jina la bidhaa kwa Kirundi na Kiswahili, bei kwa kilo, na namba ya barabara, amekwisha kufanya kile ambacho mnada wa matangazo humtoza mwingine fedha za kigeni. Wajibu wa watafiti na washauri wa sera ni kuhakikisha kwamba akiyaandika maneno hayo, kuna faharasa, shule na mashine zitakazoyatambua.