Mtaa ni Mstari au ni Eneo? Uhakiki wa Majina katika Ramani za Kinondoni na Temeke

Utangulizi

Wanafunzi wa theolojia hufundishwa kuliuliza kila andiko maswali matatu: liliandikwa na nani, liliandikiwa nani, na limeacha nini. Ni nadra maswali hayo kuulizwa juu ya ramani, ijapokuwa ramani nayo ni andiko. Katika makala hii tunakusudia kuyauliza juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani majina yanayoandikwa katika ramani za Kinondoni na Temeke: mahali yanapowekwa, na ukubwa wa herufi zake. Hoja yetu ni kwamba neno letu "mtaa" lina maana mbili, na uchoraji wa ramani umezoea kuitambua moja tu. Kwa sababu hiyo watu wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam wameonekana kana kwamba wanaishi mahali pasipo na jina.

Kanuni zenyewe

Kanuni za kuandika majina katika ramani zilipangwa vizuri na mchoraji wa Uswisi, Eduard Imhof, katika makala yake ya mwaka 1962. Kwa ufupi, jina lisomeke bila taabu. Msomaji atambue mara moja ni jina la kitu gani. Lisifunike jina jingine. Na ukubwa wa herufi uonyeshe cheo cha mahali. Kitu kilicho nukta, kama kituo cha basi, jina lake hukaa kando ya nukta. Kilicho mstari, kama mto au barabara, jina lake huufuata mstari na mikunjo yake. Kilicho eneo, kama ziwa au wilaya, jina lake hutandazwa ndani ya eneo hilo ili upana wake uonekane. Mahali pa pwani jina huandikwa upande wa bahari. Hivyo Msasani, Kawe na Mbweni zaweza kuazima nafasi ya Bahari ya Hindi. Tandale na Keko hazina bahari ya kuazima.

Kabla ya kuandika lolote, basi, mchoraji hana budi kuamua kama jina alilo nalo ni la nukta, la mstari au la eneo. Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

Maana mbili za mtaa

Kariakoo ilipimwa na kupangwa kwa njia zilizonyooka. Huko Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Mkunguni ni mistari: una mwanzo na mwisho, na nyumba zimejipanga pande zake mbili. Sasa tutazame kata ya Tandale, wilayani Kinondoni. Kata hiyo ina mitaa sita: Kwa Tumbo, Mharitani, Mkunduge, Mtogole, Pakacha na Sokoni. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao ni barabara. Kila mmoja ni eneo lenye mwenyekiti wake, mipaka yake na wakazi wanaozikana. Ndani yake mna vichochoro, na watu huelekezana kwa msikiti, kisima, mwembe au jina la mwenye nyumba.

Mchoraji aliyefundishwa kwamba mtaa ni barabara huitafuta barabara iitwayo Pakacha. Asipoiona, aliache jina, au alibandike kwenye kichochoro chochote. Akiliacha, watu wa Pakacha wamepotea. Akilibandika, eneo zima limefanywa kichochoro. Msomaji mgeni hutazama na kusema kwamba mahali hapa hapana mpango, hivyo hapana jina. Hukumu hiyo hakuipata Tandale, bali aliipata katika kanuni iliyoletwa kutoka mji wa namna nyingine.

Kazi njema na mapungufu yake

Haki yatudai kuwasifu waliojaribu kuliondoa kosa hilo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi waliichora Tandale na kuiweka katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya waliopoteza makazi wakahamishiwa Mabwepande. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliendeleza kazi hiyo katika kata nyingi, hasa kwa ajili ya kukabili mafuriko, kwa mikono ya wanafunzi wa vyuo na ya wakazi wenyewe. Jambo la thamani katika kazi hiyo ni kwamba wakazi waliulizwa majina na mipaka, na mtaa ukachorwa kuwa eneo.

Hata hivyo, kulikusanya jina si sawa na kulionyesha. Ramani hiyo inapotazamwa kwa kompyuta au simu, ukubwa wa herufi hutegemea daraja ambalo mahali pamepewa, na madaraja hayo yalitungwa kwanza kwa kufuata miji ya Uingereza. Kata na mtaa havikuwamo, hivyo vimelazimika kukaa katika viti vya wengine. Aidha, majina mawili yakigombea nafasi, kompyuta hulibakiza lenye cheo na kuliacha dogo, wala haiachi alama yoyote kwamba kuna jina limeachwa.

Kanuni kwamba majina yasifunikane ni njema. Lakini tuangalie inamwangukia nani. Masaki, ambako viwanja ni vikubwa na njia ni chache, karibu kila jina hupata nafasi. Tandale, Manzese au Keko, ambako nyumba zimesongamana, majina hudondoka mengi zaidi. Palipo na watu wengi ndipo panapobaki majina machache. Kanuni isiyompendelea mtu imezaa matokeo yenye upendeleo, na mchoraji makini hana budi kuisahihisha kwa mkono wake: kwa kuchora kata kwa kipimo kikubwa zaidi, au kwa kupunguza maandishi ya maduka na mabaa ili jina la mtaa lipate nafasi.

Vivyo hivyo kwa mito. Jina la Mto Ng'ombe huko Kinondoni, au la Mto Kizinga huko Temeke, lisiandikwe mara moja tu, bali lirudiwe kila baada ya masafa. Mtu anayeishi kando ya mfereji usio na jina hawezi kuona kwamba maji yake ni yaleyale yaliyojaa kata ya juu tangu alfajiri.

Tena kuna majina ya vyeo vya juu. Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Mwaka 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ikawa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mchoraji akiandika "Dar es Salaam" juu ya Ilala bila kusema kama ni Jiji au ni Mkoa, ameitoa Mbagala nje ya mji wake mwenyewe.

Pingamizi

Yamkini msomaji atasema kwamba Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imelimaliza jambo hili, kwa kuwa njia ziliwekewa nguzo za majina na nyumba zikapewa namba. Twaipokea kazi hiyo kwa shukrani. Gari la wagonjwa lahitaji namba. Lakini anwani hufuata mistari. Jina la njia likichukua nafasi yote, jina la mtaa kama eneo laweza kufutika safari hii kwa wingi wa maandishi, kama lilivyofutika zamani kwa uhaba wake.

Hitimisho

Wasomaji wetu wanaifahamu ramani ya Madaba, nchini Yordani, iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi katika sakafu ya kanisa katika karne ya 6. Yerusalemu imechorwa kubwa kuliko miji mingine, na jina lake lina sifa ya utakatifu. Hata hivyo vijiji vidogo navyo vimeandikwa. Fundi yule aliweza kutofautisha vyeo pasipo kumfuta mdogo. Nehemia sura ya 3 nayo huuzungusha ukuta wote wa mji kwa kutaja sehemu kwa sehemu, hata sehemu aliyoijenga mtu mbele ya nyumba yake.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba usharika unaochora ramani ya jumuiya zake uanze na majina ambayo wakazi wenyewe huyatumia, uyatandaze juu ya maeneo yake, na ndipo uandike njia na majengo. Jina la kanisa liandikwe mwishoni. Lina kibao chake barabarani, na hakuna atakayelikosa. Mtaa wa Pakacha ukiachwa, mchungaji mgeni aliyeitwa msibani usiku hana ramani ya kumfikisha.