Laptopu Ipimwe Ikiwa Imechomolewa

Mkaazi wa Baba Dogo anayeshuka mjini Nairobi, Luthuli au Moi Avenue, kutafuta laptopu ya mtumba huonyeshwa mashine ambayo tayari imechomekwa kwenye soketi. Inawaka upesi, programu zinafunguka, bei inatajwa. Nashikilia kwamba jaribio hilo halitoshi. Ubora wa laptopu hujulikana inapochomolewa, ikatwikwa kazi nzito, kisha ikalinganishwa na ilivyofanya ikiwa kwenye stima. Pengo baina ya hali hizo mbili ndilo linaloeleza habari za betri, chaja na muundo wa mashine yenyewe.

Prosesa ikipata kazi ngumu hupandisha kasi kwa muda mfupi, na kasi hiyo hudai umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Ikidaiwa mkondo mkubwa, volteji huanguka, na mashine hulegea au hata kuzima ilhali skrini ingali inaonyesha asilimia 40. Si kila pengo ni ugonjwa, lakini. Laptopu za michezo zenye kadi kubwa ya picha zaweza kuhitaji zaidi ya wati 100, na betri yao, hata ikiwa mpya kabisa, haikuundwa kubeba mzigo huo. MacBook zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020, hufanya kazi karibu sawasawa zikichomekwa au zisipochomekwa, na huo kwangu ndio ufundi wa kusifiwa.

Kabla ya kulinganisha, weka mipangilio ya nishati kwenye kiwango cha juu pande zote mbili, kwa kuwa Windows hubana kasi makusudi ili chaji idumu. Asiyefanya hivyo ataisingizia betri. Betri ikiwa imejaa zaidi ya nusu, toa (export) video ileile mara mbili, na chaja na bila chaja, ukipima muda kwa simu. Kisha endesha amri ya powercfg /batteryreport uone uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo uliobaki. Ripoti husaidia, ila hutegemea kile ambacho betri yenyewe inakiri, na betri bandia hukiri uongo; muda uliopima mwenyewe una uzito zaidi. Ikitokea mashine inafanya kazi polepole zaidi ikiwa kwenye stima, shuku chaja kwanza. Dell nyingi huitambua chaja kupitia pini ya katikati, na zisipoitambua hukataa kuchaji na kupunguza kasi ya prosesa. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 65 yaweza kuleta udhaifu kama huo. Kasoro hiyo ni rahisi kurekebisha, nayo ni hoja nzuri ya kuteremsha bei.

Mwenye saiba atasema laptopu yake haitoki mezani, basi betri ya nini? Hoja yake ina nguvu mpaka stima ipotee, kama ilivyopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023. Hapo betri dhaifu huangusha mashine katikati ya fomu ya mteja. Mwingine atasema betri si hubadilishwa? Hubadilishwa, naam, ila jaribio lilelile lirudiwe na betri mpya ikiwa ndani, kabla fundi hajalipwa.