Simba Ana Jina, Mwenye Mbuzi Hana

Ukimtajia mtu wa Nairobi Meru, atakuambia miraa. Ukimtajia Mzungu wa makamo aliyekulia kwenye vitabu, huenda akakuambia Elsa. Simba jike huyo pengine ndiye mhusika anayejulikana zaidi duniani kutoka upande ule wa Mlima Kenya. Kitabu cha Joy Adamson kilichomtangaza, *Born Free*, kilitoka 1960, na filamu ikafuata 1966. Watoto wa vizazi kadhaa, huku na ng'ambo, wamefundishwa kupenda wanyama kupitia kwake. Nimekisoma tena nikiwa na swali moja tu: mtoto wa Maua, wa Runyenjes au wa Mbeere akipewa hadithi hii, anafundishwa nini hasa?

Kwa asiyeijua, hadithi ni hivi. Mwaka 1956 George Adamson, afisa wa wanyamapori kule kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyemvamia, kisha akagundua kwamba mama huyo alikuwa akiwalinda watoto watatu. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, akabaki Isiolo kwa kina Adamson. Alipokua, wakaamua kumrudisha porini. Jaribio la kwanza, upande wa Maasai Mara, lilishindikana na Elsa akaugua. La pili, kando ya Mto Ura kule Meru, likafaulu. Elsa akajifunza kuwinda, akapata dume, akazaa watoto watatu.

Kusema ukweli, kitabu kina nguvu yake na sitaki kuibeza. Kwanza, ni kitabu kuhusu elimu, ila mwanafunzi ndiye simba. Elsa hajui kuua. Amelelewa kwa chupa, analala kitandani, anacheza na mpira. Lazima afundishwe usimba, na walimu wake ni watu wawili wasio na kucha wala meno ya kazi hiyo. Wanampigia nyama, wanamwacha peke yake siku kadhaa, wanarudi wanamkuta na njaa, wanaanza upya. Mtoto anayesoma kurasa hizo anaelewa jambo ambalo bango la ukutani haliwezi kumwambia: kuwa mnyama wa porini kunahitaji ujuzi, na ujuzi huo ukishapotea, kuurudisha ni kazi ngumu na ya polepole. Pili, Elsa ni yeye, si "simba" wa jumla. Ana hasira zake na mizaha yake. Kabla yake, simba wengi wa vitabu walikuwa ama wa kuogopwa ama wa kupigwa risasi.

Ila somo kubwa kuliko yote ni lile ambalo watu hulipita haraka, yaani kifo chake. Elsa hakuuawa na jangili wala na simba mwenzake. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa wa babesia, unaoenezwa na kupe. Kupe! Mdudu ambaye mtoto yeyote wa mfugaji Meru au Embu anamjua, anayembandua kwenye sikio la ng'ombe, ambaye kwa sababu yake josho lilichimbwa na ndigana ikawa neno la kutisha pale nyumbani. Hapo ndipo ikolojia yote ilipo. Mnyama mkubwa na mdudu mdogo, nyasi wanamopita wote wawili, ng'ombe wa binadamu na simba wa porini wakigawana maadui walewale. Mwalimu angeanza na kupe, darasa zima lingeinua mikono. Lakini filamu na kumbukumbu za watu zimetuachia simba anayekimbia kuelekea jua, na kupe ameachwa nje ya picha.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Hebu hesabu majina. Elsa ana jina, na watoto wake wana majina: Jespah, Gopa na Little Elsa. Yupo Nuru, aliyekabidhiwa kazi ya kuwachunga wale simba watatu walipokuwa wadogo, akashinda nao mchana kutwa. Yupo Makedde, askari Mturkana aliyesoma nyayo zao porini. Hawa wawili angalau wana majina, lakini hawana maisha. Nuru alikuwa akiwaza nini, akiwa ameketi kivulini na mtoto wa simba pajani? Alikuwa na watoto wake? Aliwasimulia nini akirudi nyumbani? Tunajua tabia za Elsa kuliko tunavyomjua mtu aliyemlea.

Halafu kuna wasio na majina kabisa. Baada ya Elsa kufa, watoto wake, ambao walikuwa hawajafuzu kuwinda, walianza kuingia kwenye maboma ya wenyeji na kula mbuzi. Jespah akapigwa mshale, na kichwa cha mshale kikabaki mwilini mwake. Hatimaye mwaka huohuo wa 1961 simba hao walikamatwa wakahamishiwa Serengeti. Msomaji anasikitika kweli kwa ajili ya Jespah, na ana haki. Lakini mbuzi wale walikuwa wa nani? Nani alisikia kelele usiku akatoka na upinde? Kwa jirani wa Mto Ura, mbuzi ni karo, ni mahari, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Kwenye hadithi, huyo mtu ni kizuizi tu. Mtoto wa London anaweza kusoma sehemu hiyo bila shida yoyote. Mtoto wa Tharaka anayechunga mbuzi baada ya shule anajikuta upande wa mwenye upinde, na hakuna aliyemwandikia sentensi hata moja.

Kuna wanaosema dawa ni kurudi kwenye ngano zetu. Nami nazipenda, tena sana. Kwenye ngano hakuna mgeni anayetuonyesha wanyama wetu, kila kiumbe kina sauti, na mwishoni mtoto anaulizwa nani alikosea. Lakini tusijidanganye ati ngano ni sayansi. Mtoto wetu anajua fisi ni mlafi na mjinga kabla hajajua fisi ni nini. Fisi halisi huwinda sana mwenyewe, na anayatafuna mizoga na mifupa ambayo ingebaki ikioza. Akiisha, tutaona tofauti. Ngano inamtumia fisi kutufundisha kuhusu mjomba mlafi. Ni kazi nzuri, ila ni kazi nyingine.

Na vitabu vya shule? Kwenye CBC, mtoto wa darasa la chini ana somo la Shughuli za Mazingira, na vilabu vya wanyamapori vimekuwa shuleni tangu 1968, vilipoanzishwa Wildlife Clubs of Kenya. Hiyo ni historia ya kujivunia. Lakini lugha ya vitabu vingi ni ileile: wanyama ni urithi wetu, wanaleta watalii, tuwatunze. Mwambie hivyo mtoto anayeishi karibu na Hifadhi ya Mwea kule Embu, kati ya mabwawa ya Kamburu na Masinga, ambaye ndovu na kiboko kwake si picha ya kalenda. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Maana yake ni kwamba Bunge lenyewe lilikubali kuna watoto nchini watakaofiwa na mzazi kwa njia hiyo. Watoto hao pia wako darasani. Wanasoma sentensi ya "tuwapende ndovu" wakiwa wamekaa kwenye dawati moja na wengine. Kitabu kisichowajua hakiwezi kuwashawishi, na wao ndio watakaoamua, wakishakuwa wakubwa, kama ndovu atabaki au la.

Hadithi nzuri ipo, tena hapohapo Meru. Ndovu walikuwa na njia zao za zamani kati ya msitu wa Mlima Kenya na nyanda za Lewa. Mashamba makubwa yakaziba, yakiwemo ya ngano (hii ya kuliwa, si ya kusimuliwa), kisha barabara ya Nanyuki–Meru ikakata katikati. Mwisho wa 2010 ushoroba wa kilomita 14 ulikamilika, pamoja na njia ya chini ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya ndovu. Watu walijiuliza: ndovu gani atakubali kuingia kwenye shimo lenye malori juu? Muda mfupi tu baadaye dume aitwaye Tony akapita, na wengine wakafuata. Manze, hiyo ni hadithi ya watoto ambayo tayari imejiandika! Ina mnyama mwenye jina, ina fumbo, ina mkulima mwenye hoja, dereva mwenye haraka, na mlima unaogawa maji kwa wote. Hakuna anayepaswa kuwa mjinga ili mwingine awe shujaa. Ningependa kuiona ikiwa kwenye kila maktaba ya shule kati ya Embu na Isiolo.

Elsa naye asitupwe. Kaburi lake liko Meru, na hadithi yake imelisaidia lile pori kujulikana. Ninachotaka ni asomwe hadi mwisho, pamoja na kupe na mbuzi. Na jambo moja linaweza kufanyika sasa hivi, bila mfadhili. Mvulana aliyekuwa na miaka 10 akichunga mbuzi karibu na Mto Ura mwaka 1961 sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Huenda bado yupo pale, na huenda anakumbuka usiku ule vizuri kuliko Joy Adamson alivyoweza kuuandika. Mwalimu akimkaribisha darasani, watoto wakae chini, wamuulize mbuzi wangapi walienda, boma lilijengwaje, na alimwonaje yule simba alipomwona. Waandike majibu, kwa Kitharaka na kwa Kiswahili. Mimi nitakuwa wa kwanza kuisoma.