Mhusika Mdekezwa: Juu ya Istilahi na Haki ya Hukumu

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, afundishaye katika kata ya Izigo wilayani Muleba, ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, lakini kadiri tulivyolichungua ndivyo lilivyozidi kukua. Wanafunzi wake walitakiwa kuchagua riwaya moja waliyoisoma na kuiongezea sura ya kubuni. Msichana mmoja alichagua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Humo akamwingiza mhusika mpya: binti wa Izigo, wa rika lake mwenyewe, avukaye ziwa hadi Ukerewe, akafanya urafiki na Rosa, akamwokoa asifikie mwisho wake wa kujiua. Msahihishaji wa pili aliandika pembeni neno moja tu, "Malaika", akapunguza alama. Mwalimu anauliza mambo mawili: kosa hili huitwaje katika lugha yetu, na je, kweli ni kosa?

Tutayajibu yote mawili pamoja, kwani jina lisilofaa huzaa hukumu isiyofaa.

Wenzetu wa Marekani wanalo jina. Mwaka 1973 Paula Smith alichapisha katika Menagerie, jarida dogo la mashabiki wa tamthilia ya televisheni iitwayo Star Trek, kisa kifupi cha mzaha. Shujaa wake ni Luteni Mary Sue, binti wa miaka kumi na mitano na nusu, apendwaye na kila mtu na kuyaweza mambo yote chomboni. Smith alikuwa akiwakejeli waandishi wa hadithi za mashabiki, yaani hadithi ambazo wapenzi wa kazi fulani huzitunga kwa kutumia wahusika na ulimwengu wa kazi hiyo. Tangu hapo jina Mary Sue limekuwa jina la kila mhusika aliyepambwa kupita kiasi.

Je, wafasiri wetu walichukue jina hilo kama lilivyo? Sisi tunasita, kwa sababu mbili. Kwanza, ni jina la mtu, na asiyekijua kisa hawezi kuipata maana. Pili, ni jina la kike. Ingawa baadaye yalibuniwa majina ya kiume ya kuandamana nalo, lile la kike ndilo lililotangulia na ndilo lililoenea, na kidole kimekuwa kikiwaelekea zaidi wahusika wa kike. Kiswahili hakigawi nomino zake kwa jinsia. Mhusika ni mhusika. Ingekuwa hasara kuagiza kutoka ng'ambo upendeleo ambao sarufi yetu haina.

Basi tuyatazame maneno tuliyo nayo. Wahakiki wetu hutumia mhusika bapa na mhusika duara, wakifuata mgawanyo wa E. M. Forster wa mwaka 1927. Lakini ubapa ni habari ya upande mmoja wa tabia: bahili wa hadithi aweza kuwa bapa bila kupambwa hata kidogo. Mhusika mkamilifu na mhusika bora nayo hayatoshi, maana yanasifu. Mtumishi wa serikali asomaye ripoti ya mchujo wa vitabu, akikuta imeandikwa "mhusika huyu ni mkamilifu", atadhani mwandishi anapongezwa. Malaika ni sitiari yenye kuchekesha, lakini haizai: hatuwezi kupata kutoka kwake kitenzi cha kumweleza mwandishi alichokifanya.

Hapo ndipo penye kiini. Maneno yote hayo yanazitaja sifa za mhusika, ilhali kosa haliko katika sifa zake. Liko katika malezi yake. Tazama wahusika wetu mashuhuri. Fumo Liyongo wa mapokeo ya pwani ana nguvu zisizo na kifani, na silaha haimwui. Lakini sindano ya shaba kitovuni yamwua, na aichomaye ni mwanawe mwenyewe. Karama wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, ni msema kweli asiyetikisika. Lakini wajumbe sita anaowasimulia barazani walirudi na mambo ya manufaa wakatupwa gerezani. Wema wao haukuinunua dunia. Wala mashujaa waimbwao kwa nanga katika nchi ya Wahaya hawakutungwa wawe watu wa kadiri. Hao wote wametukuzwa, na utukufu wao una mahali pake katika sanaa.

Aliyetukuzwa ni mmoja, aliyedekezwa ni mwingine. Kila mzazi anaijua tofauti hiyo. Mtoto aliyedeka si lazima awe na sura nzuri au akili nyingi. Ni yule ambaye kila anapojikwaa nyumba nzima hukimbia kulipiga jiwe. Mwandishi naye huweza kumtendea mhusika wake hivyo: akikosea, kosa ligeuke kuwa busara, akisema, wote wakubali, sheria za hadithi zikimbana, zilegezwe. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Alizaye hapa ni mwandishi, maana msomaji hufunga kitabu.

Kwa hiyo tunapendekeza mhusika mdekezwa. Kwa umbo, neno hili limefuata njia iliyokwisha kupitwa na mpendwa, mteuliwa na mwajiriwa. Linazaa: mwandishi hudekeza, kitendo chake ni udekezaji, na mhariri aweza kuandika pembeni, "Hapa unamdekeza", naye mwandishi akajua la kufanya. Kwa shujaa aliyepewa sifa kuu kwa haki ya utanzu wake, tunapendekeza mhusika mtukuzwa. Haya ni mapendekezo yetu tu. Si istilahi zilizosanifishwa.

Jina likishapatikana, hukumu yahitaji kipimo. Orodha za sifa, kama vile uzuri, uyatima au vipaji vingi, hazifai, kwani kwa orodha hizo Liyongo naye angeanguka. Sisi twauliza maswali matatu. La kwanza: wema na uwezo wa mhusika vinamgharimu nini? La pili: wahusika wengine wamebaki na akili na ndimi zao, au wamegeuzwa kuwa waitikiaji? La tatu: kanuni za ulimwengu wa hadithi zinambana naye kama ziwabanavyo wenzake?

Swali la pili linaigusa historia yetu wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya Ngonjera za UKUTA za Mathias Mnyampala kutoka mwaka 1970 na 1971, watoto wa shule walisimama majukwaani wakivaa nafsi za mjuzi na asiyejua. Katika ngonjera nyingi asiyejua huuliza, mjuzi hujibu, na mwisho wote huafikiana. Kama chombo cha mafunzo, zilitimiza kazi yake. Lakini mtoto aliyezoea kuona mpinzani akishindwa kwa beti chache aweza kudhani kwamba ndivyo watu wanavyobadilika. Udekezaji mwingine tumeufundisha sisi wenyewe, kisha twauadhibu katika insha.

Tena kuna suala la haki. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ni hodari wa silaha, hupendwa na wanawake, na huibuka mshindi. Wasomaji walimfurahia, na ni haki yao. Iwapo mwanamume huyo twamwita shujaa, na binti wa Izigo mwenye sifa pungufu ya hizo twamwita malaika kwa dhihaka, basi tumepima kwa mizani miwili. Tunamshauri kila msahihishaji ajaribu hivi: abadilishe jinsia ya mhusika kichwani mwake, asome upya, ndipo aandike alama.

Sasa turudi kwenye insha yenyewe, ambayo mwalimu alitunakilia. Kwamba binti yule ana akili na ujasiri si kosa. Lakini Zakaria, babake Rosa, ambaye Kezilahabi amemchora mkali wa kutisha, analainika kwa hotuba moja ya mgeni wa miaka kumi na sita. Huo ni udekezaji. Zito zaidi ni kwamba, tangu mgeni aingie, Rosa hasemi tena isipokuwa kushukuru. Msichana ambaye riwaya nzima ni yake amenyang'anywa ulimi ndani ya sura iliyotungwa ili kumwokoa.

Hata hivyo, pana mahali ambapo mgeni anajaribu kusonga ugali jikoni kwa mama Rosa, ukamshinda, kwa kuwa kwao hupikwa ndizi. Rosa anamcheka, kisha anamshika mkono kumwonyesha. Ni mistari mitano tu. Lakini hapo mgeni ana upungufu, Rosa ana ujuzi, na urafiki unaaminika. Aliyeandika "Malaika" hakupigia mstari mahali hapo.

Hukumu yetu, ndugu mwalimu, ni hii: mhusika amedekezwa, na mwanafunzi ana kipaji. Asiambiwe ampunguzie binti yake akili. Aambiwe amrudishie Zakaria ukaidi wake na Rosa sauti yake, kisha aanzie pale jikoni. Alama zilizokatwa kwa neno moja lisilofafanuliwa zifikiriwe upya, kwani mwanafunzi hawezi kusahihisha kosa asiloambiwa jina lake.

Wasomaji wenye neno bora kuliko mdekezwa, hasa kutoka lahaja za pwani na lugha nyingine za nchi yetu, wanakaribishwa kutuandikia.