Mkazo Usioandikwa: Uhakiki wa Tahajia ya Kinubi cha Arua na Koboko

Uchunguzi wa Kinubi umekawia mno kwenye asili yake. Msomaji hukutana kwanza na askari wa Emin Pasha, kisha na Lugard aliyewaajiri huko Kavalli mwaka 1891; sarufi hufika mwishoni, kama mgeni aliyechelewa karamuni. Bernd Heine (1982) na Ineke Wellens (2005) wametuonyesha kwamba krioli hii si Kiarabu kilichoharibika, bali lugha yenye mfumo wake: gi- huonyesha tendo linaloendelea, bi- tendo lijalo, na kitenzi cha tendo kisicho na kiambishi aghalabu hurejelea lililopita.

Lawama yangu inatuhusu sisi wanaisimu wa Kiswahili. Tunapoyanukuu masimulizi ya Wanubi, huyaandika kwa tahajia tuliyoizoea, isiyoonyesha mkazo. Kiswahili humudu hasara hiyo, kwani mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na jozi kama barabára na barábara ni chache. Kinubi hakiimudu. Uwo kátulu ni "aliua". Uwo katulú ni "aliuawa". Kazi tunayoitenda kwa kiambishi -w-, Kinubi huitenda kwa kuuhamisha mkazo tu.

Arua na Koboko, tofauti hiyo si ya darasani. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi, na wengi wakakimbilia Sudan na Zaire. Simulizi ya miaka ile ikiandikwa uwo katulu, bila alama, msomaji hajui kama anasoma habari za muuaji au za marehemu. Muktadha utasaidia, watasema wengine. Husaidia pale mtenda anapotajwa. Lakini simulizi za hofu ndizo hasa zinazomficha mtenda.

Mzungumzaji mzee hahitaji alama. Anayeihitaji ni mjukuu wake wa mjini, ambaye siku zake hupita katika Kilugbara, Kiswahili na Kiingereza. Koboko, nako, Kiarabu cha Juba, ndugu wa karibu wa Kinubi, huvuka mpaka pamoja na wakimbizi na wachuuzi, hivyo mnukuzi asiye makini huchanganya hiki na kile.

Nukuu tulizokwisha kuziandika bila mkazo zilinganishwe upya na rekodi zake, waliosimulia wangali hai kutusahihisha.