Kwaya Iliyovunjwa: umati katika Boris Godunov ya Mussorgsky

Tamthilia ya Pushkin iitwayo Boris Godunov, katika chapa yake ya 1831, humalizikia kwenye umati ulionyamaza. Wakuu wa Moscow wametangaza kifo cha mjane na mwana wa Boris, wanawataka watu wamshangilie mfalme mpya, na hakuna anayefungua kinywa. Jukwaani ukimya huo unatisha, lakini mtunzi wa opera hawezi kuuchukua ulivyo, maana kwaya isiyoimba haina kazi. Modest Mussorgsky alipoanza kuigeuza tamthilia hiyo kuwa opera mwaka 1868, alikabiliwa na swali gumu la kiufundi: awapeje watu sauti bila kuwapa uwezo ambao historia haikuwapa? Naona alilijibu kwa kuivunjavunja kwaya, kisha kuiunganisha tena kila inapofika zamu ya kumsifu mtawala. Tukizisikiliza nyimbo kuu tatu za umati kwa mfuatano wake, tunasikia msiba mkubwa kuliko ule wa Boris mwenyewe.

Onyesho la kwanza liko nje ya monasteri ya Novodevichy, mwaka 1598. Watu wameswagwa hapo wamsihi Boris akubali taji, na ofisa mwenye rungu anawasimamia. Kwaya ya opera za wakati ule kwa kawaida ilikuwa ukuta wa sauti, wote wakitamka maneno yale yale kwa pamoja. Mussorgsky anaubomoa ukuta huo. Mmoja anamuuliza mwenzake, Mityukha, kwa nini wanapiga makelele, naye hajui. Wanawake wanalalamika kwamba koo zimewakauka, wanagombana, wengine wanawacheka. Kila kikundi kinaingia kwa wakati wake, kwa vifungu vifupi vinavyofuata mwendo wa Kirusi cha kuzungumzwa. Ufundi huo alikuwa ameufanyia mazoezi muda mfupi kabla, alipojaribu kutia muziki vichekesho vya Gogol, Ndoa, akiyaacha maneno ya nathari kama yalivyo. Alikamilisha tendo moja tu, lakini sikio lake lilikwisha kunoleka. Rungu linapoinuliwa, vipande vyote vinarudi mahali pamoja na umati unaimba dua yenye mahadhi ya nyimbo za kienyeji, nzuri ya kuumiza. Ofisa akigeuka, gumzo linaanza upya. Uzuri na umoja wa kwaya, basi, vinapatikana chini ya rungu, na msikilizaji analielewa hilo kabla hata ya kumwona Boris.

Wimbo wa pili ni wa kutawazwa, ndani ya Kremlin. Kengele zinapigwa, na okestra inaziiga kwa mafungu mawili tu ya sauti yanayopokezana. Hapa panastahili kusikilizwa kwa makini. Fungu la kwanza limejengwa juu ya sauti ya A-flati, la pili juu ya D, na kati ya misingi hiyo miwili upo umbali wa toni tatu kamili, umbali ambao muziki wa Ulaya uliuona wa mashaka kwa karne nyingi. Kila fungu lina sauti nne, na mbili kati yake zimo katika mafungu yote mawili. Tena kila moja ni la aina ambayo sikio lililozoea muziki huo hulitarajia liende mahali likatulie. Haliendi. Linampokeza mwenzake, naye anarudisha, na kengele zinaongezeka kasi bila kufika popote. Ndipo Bwana Shuisky anapowaongoza watu kwa sifa, nao wanaitika kwa wimbo wa kale wa Kirusi, ule ule ambao Beethoven aliutia katika moja ya kwateti zake za mwaka 1806. Wimbo ni imara na wa shangwe, lakini tumeufikia kupitia mlango usiokuwa na sakafu. Boris anapojitokeza na kuimba kwa hofu, hatuhitaji kuelezwa inatoka wapi.

Wimbo wa tatu umo katika onyesho la msitu wa Kromy, ambalo halikuwapo katika toleo la kwanza la 1869. Hapa inakuja pingamizi ya kweli. Kamati ya majumba ya maonyesho ya kifalme iliikataa opera hiyo mwaka 1871, sababu kubwa ikiwa kukosekana kwa mhusika mkuu wa kike, na wapo wanaoliona toleo la pili, la 1872, kuwa kazi ya mtu aliyelazimishwa. Kuhusu tendo la Poland, lenye Marina, mhusika mkuu wa kike aliyeongezwa, na hila zake, siwapingi sana: lina muziki mtamu lakini linalegeza kamba. Kromy ni jambo jingine. Kamati haikuliomba onyesho hilo. Mussorgsky aliliongeza mwenyewe, akalifanya kuwa mwisho wa opera, baada ya kifo cha Boris. Umati umemkamata kabaila Khrushchov, wamemkalisha na wanamwimbia sifa za dhihaka. Kwa mara ya kwanza wanaimba pamoja bila rungu juu yao, na wanachokiimba kina umbo lile lile la kusifu. Kisha yule anayejiita Dmitri, mwana wa mfalme aliyefia Uglich mwaka 1591, anapita kuelekea Moscow. Umati unamsifu kwa dhati na kumfuata. Khrushchov naye, akiisha kufunguliwa, anamsujudia bwana mpya.

Wapo wanaolisoma onyesho hilo kama picha ya mapinduzi, nao hawakosi ushahidi, kwani kwaya hapo ina ghadhabu inayotikisa ukumbi. Lakini mapinduzi yangehitaji wimbo mpya, na Mussorgsky, aliyejua vizuri kutunga mapya, hakuwapa. Aliwapa sifa ya tatu. Anayebaki jukwaani ni majnuni wa Mungu, mmoja wa wale fukara walioaminiwa katika Urusi ya kale kwamba husema kweli, akiililia nchi yake.

Rafiki wa Mussorgsky, Rimsky-Korsakov, aliipanga na kuitia okestra upya opera hii, kwanza mwaka 1896 na tena 1908, akalainisha mafungu makali na kukiweka kifo cha Boris mwishoni. Bila mkono wake na sauti ya mwimbaji Chaliapin, Paris isingeisikia mwaka 1908, na deni hilo halikanushiki. Hata hivyo mabadiliko ya mpangilio yanaigharimu opera hoja yake, maana mfalme anapokufa mwisho, umati unarudi kuwa mapambo ya kifo chake.

Kosa la siku hizi ni la upande mwingine. Katika toleo la kwanza, majnuni alikutana na Boris mbele ya kanisa la Mtakatifu Basil, akakataa kumwombea. Katika toleo la pili Mussorgsky aliliondoa onyesho hilo na kukihamishia Kromy kilio chake pamoja na kisa cha watoto kumwibia senti. Majumba mengi sasa huyacheza maonyesho yote mawili katika usiku mmoja. Sababu yao inaeleweka, kwa kuwa makabiliano yale na Boris ni miongoni mwa kurasa bora za opera. Lakini mbele ya kanisa kilio kinamshtaki mtu mmoja, na huko Kromy kinawalilia wote waliokwisha kuondoka wakiimba. Atakayeiongoza opera hii achague toleo moja na kulicheza lilivyo. Mimi ningechagua la 1872, hata kwa gharama ya kulivumilia tendo la Poland.